Arusha Si Mji wa Kupita

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijachomoza vizuri, magari ya safari hupanga foleni kwenye vituo vya mafuta vya Arusha. Madereva wanajaza tangi, wanahesabu katoni za maji na maboksi ya chakula, wanakagua tairi la akiba, kisha wanaelekea magharibi: Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, Ngorongoro, Serengeti. Abiria wao wamelala mjini usiku mmoja tu, na watalala tena usiku mmoja wakisubiri ndege ya kurudi kwao. Sisi wenye nchi nasi tumezoea kuichukulia Arusha hivyohivyo. Anayekwenda Nairobi kwa njia ya Namanga anapita. Aliyeitwa semina anajifungia ukumbini hadi siku ya mwisho, anakabidhiwa cheti, anapanda basi.

Hiyo ni hasara, na mwenye watoto ndiye anayepata hasara kubwa zaidi. Nimetembea na familia yangu pwani na bara, na sijaona kwingine ambako watoto wanaweza kushinda mjini wakizunguka makumbusho na masoko, na kesho yake wakalala hemani chini ya Mlima Meru, wenye mita 4,566, huku mwendo wa gari kati ya huku na kule haufiki hata saa mbili. Msitu upo, maziwa yapo, na historia iliyotufanya tuwe taifa imo humohumo, ndani ya majengo ambayo mtoto anaweza kuzigusa kuta zake.

Mjini nendeni kwa miguu, na anzeni Mnara wa Saa. Kila mkazi atawaambia kwamba hapo ndipo nusu ya njia ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Watoto huipenda habari hiyo kuliko wanavyoupenda mnara wenyewe, ambao ni mdogo kuliko walivyotarajia. Wapeni ramani ya Afrika, ile ya karatasi, watafute wenyewe kwa kidole. Wauza shanga na picha za Tingatinga watawafuata. Mkiwasalimia vizuri na kusema, "Leo tunatembea tu, kaka, Mungu akujalie," watawaachia njia, na mara nyingi watawaonyesha pa kuvukia barabara.

Kutoka hapo Barabara ya Boma inapanda taratibu hadi kwenye ngome yenye kuta nyeupe. Wajerumani waliijenga mwaka 1900, baada ya kuwaandama Waarusha na Wameru kwa vita vya adhabu miaka michache kabla, na waliobeba mawe ni wenyeji haohao. Leo ndani yake mna Makumbusho ya Elimu Viumbe, yenye uwanja wa majani na utulivu ambao mtu hautegemei katikati ya jiji. Chumba kinachonivuta ni kile cha chimbuko la binadamu: Olduvai, ambako fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa mwaka 1959, na Laetoli, ambako watu wa kale walikanyaga majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita na kuacha nyayo ambazo hadi leo zinahesabika. Binti yetu wa pili alisimama hapo muda mrefu kuliko sisi sote. Swali lake lilikuwa moja: waliokuwa wakitembea walikuwa ni baba, mama na mtoto? Wataalamu wenyewe wamebishana juu ya walikuwa wangapi na nani alimfuata nani. Nilimjibu kwamba kwa vyovyote hawakutembea peke yao, akaridhika.

Hatua chache kutoka boma ni majengo ya AICC, na hapa wazazi wengi hupita kimya kwa sababu wanaona ofisi tu. Simameni. Yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977, na yakabaki kuwa kituo cha mikutano. Humo ndimo ilimokaa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Septemba 1998, katika mji huu huu, mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari kwa mara ya kwanza duniani, naye alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mapatano ya amani ya Burundi nayo yalitiwa saini Arusha, Agosti 2000, Mandela akiwa msuluhishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki. Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kuelezwa haya yote pale nje, kwenye ukingo wa barabara, na akaelewa. Wa kwetu alielewa, kisha akauliza mambo ambayo mimi na mama yake tulilazimika kuyatafutia majibu jioni.

Lakini kama mna nafasi ya kuingia mahali pamoja tu, ingieni Makumbusho ya Azimio la Arusha, kule Kaloleni, karibu na mzunguko wenye mnara wa Mwenge. Na mkiweza, nendeni na mzee.

Sisi tulikwenda na mama yangu. Ukumbi ni wa kawaida, ulikuwa wa starehe na mikutano ya wananchi, na ukubwa wake hauwezi kumshangaza mtu. Hapo ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa mwishoni mwa Januari 1967 na kupitisha maneno yaliyotangazwa tarehe 5 Februari: ujamaa na kujitegemea. Katika vitabu vya shule ni aya mbili za kukariri kabla ya mtihani. Kwa mama yangu ni ujana wake. Alizunguka picha za ukutani polepole, mikono nyuma, akaanza kusimulia jinsi shule yao ilivyotolewa barabarani kuimba, jinsi benki zilivyotaifishwa na watu wakauliza maana yake nini, jinsi vijana walivyotembea kwa miguu mamia ya kilomita kuliunga mkono Azimio. Alimtaja Seth Benjamin, kijana aliyefariki njiani akielekea Dar es Salaam. Wajukuu walikuwa wamemzunguka, na wageni wengine wawili watatu wakasogea nao kusikiliza. Kuna mengi ya kubishana kuhusu yaliyofuata Azimio, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyasema: foleni za sukari, vijiji vya kuhamishiwa. Alisema yote mawili, fahari na uchungu, ndani ya ukumbi uleule. Hakuna bango la makumbusho linaloweza kufanya kazi hiyo.

Mchana tulikula karibu na Soko Kuu. Agizeni ndizi nyama zilizopikwa kwa ndizi mshare, zile zinazolainika bila kupoteza umbo, na mkiona mahali wanapouza loshoro msiache kuonja: mahindi yaliyokobolewa, yamepikwa hadi yakaiva kabisa, yakachanganywa na maziwa mgando. Ni chakula cha Waarusha, chachu yake huondoa uchovu wa jua. Watoto wawili walikikataa, mmoja akaomba cha pili. Jioni mji unabadilika, moshi wa mishkaki unaanza kupanda pembeni mwa barabara, na hewa inapoa ghafla, maana hapa mko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu wa Dar es Salaam wanaofika na fulana tu hupata somo lao usiku wa kwanza.

Njia ya kwenda mlimani inatoka mjini kuelekea mashariki, na kituo cha kwanza cha maana ni Tengeru. Pangeni safari yenu iangukie Jumatano au Jumamosi, siku za soko. Parachichi, ndizi za aina zote, karoti zenye udongo bado, kahawa, mitumba, kuku waliofungwa miguu. Akina mama wa Kimeru wanauza wakiwa wamekaa chini, wanaongea Kimeru wao kwa wao na Kiswahili na wewe, na bei inashuka kadiri salamu inavyorefuka. Mama yangu alinunua mkungu baada ya kuulizia hali ya kila mtu nyumbani kwa muuzaji. "Sasa mama, na mimi nipunguzie basi, wajukuu ni wengi," alisema, na akapunguziwa.

Mwendo mfupi kutoka sokoni kuna Ziwa Duluti, ziwa lililojaa kwenye kreta ya volkano, duara, limezungukwa na msitu. Njia ya miguu inalizunguka lote. Hakuna tembo wala nyati, kwa hiyo mtoto mdogo anaweza kutangulia mbele akitafuta kenge na kima bila mzazi kushika moyo. Kwa familia isiyowahi kutembea msituni, anzeni hapa.

Na kuna mahali pengine Tengeru ambapo wapita njia hawapajui, nami nawasihi mpafike. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi yaliyopangwa kwa mistari, yenye misalaba na majina ya Kipolandi, takribani 150. Mwaka 1940 majeshi ya Kisovyeti yaliwahamisha kwa nguvu maelfu ya familia kutoka mashariki ya Poland hadi Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa, walitawanyika kupitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 watu wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto, walifikishwa hapa Tengeru. Wakajengewa vibanda vya duara, wakafungua shule, kanisa na mashamba. Kambi ilikuja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wengi waliondoka kwenda Uingereza, Kanada, Australia. Wachache hawakuondoka. Watoto wetu walitafuta makaburi ya watoto wenzao, wakasoma tarehe, wakapiga hesabu za umri kwa vidole. Hawakuambiwa na mtu wafanye hivyo. Nchi yetu imepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, na habari hiyo wanaisikia kwenye redio. Pale Tengeru waliona kwamba tulishawahi kuwapokea na Wazungu waliokimbia njaa na baridi.

Usa River ndipo mnapoacha lami kuu na kupinda kushoto, kufuata barabara ya Momella. Migomba na kahawa vinafuatana nanyi kwa muda, kisha mnafika lango la Ngongongare na mambo yanabadilika. Hii ndiyo Hifadhi ya Taifa Arusha. Ilianza mwaka 1960 ikiwa na jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaunganishwa na mlima wenyewe. Langoni malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, na Mtanzania mwenye kitambulisho hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni kutoka nje. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimekutana na watu wazima wenye kazi zao, wazaliwa wa Arusha, wanaoamini kwamba hifadhi haiwahusu. Inawahusu. Wanaitunza kwa kodi zao.

Hakuna simba katika hifadhi hii, na kwa mzazi hiyo ni neema. Chui wapo, fisi wapo, nyati ni wengi, lakini kukosekana kwa simba kumeifanya kuwa mahali ambapo watu wanaruhusiwa kutembea kwa miguu, wakiongozwa na askari mwenye bunduki. Muda mfupi tu baada ya lango kuna uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako pundamilia, ngiri na twiga hulisha pamoja. Mbele yake barabara inaingia msituni na kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Kreta ina upana wa kilomita 3 hivi, na hairuhusiwi kushuka. Chini imeachwa iwe ya wanyama peke yao. Ukiwa juu, nyati wanaonekana kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye sahani ya kijani. Binafsi napenda kwamba kuna mahali katika nchi hii ambapo binadamu amekubali kukaa ukingoni na kuangalia tu.

Njiani angalieni juu ya miti. Mbega wa hapa, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani na mkia wenye kishungi, hawana haraka na watu. Hawana kidole gumba. Wanashika matawi kwa vidole vinne na kuruka huku manyoya yametanda hewani. Wanakula majani, na wanashinda juu huko bila kushuka mara kwa mara. Tulizima gari, tukashusha vioo, na kitinda mimba wetu, ambaye nyumbani hawezi kukaa kimya dakika nzima, alinyamaza kabisa.

Matembezi yenyewe tuliyaanzia lango la Momella, kwenye mita 1,500. "Shikamoo afande," watoto walimwambia askari wetu kwa pamoja. "Marahaba, hamjambo? Nani anaogopa nyati?" Hakuna aliyejibu. Akawapa masharti: mstari mmoja, hakuna kukimbia, hakuna kuchuma kitu, akiinua mkono wote tunasimama. Kisha akatangulia. Baada ya muda alichuchumaa, akawaita wasogee. Mbele yake palikuwa na vinyesi vya aina mbili. Hiki kilichotapakaa, alisema, ni cha nyati, na juu yake pana ukoko, kwa hiyo ni cha jana. Hivi vigololi vimeanguka vikiwa vimesambaa mbalimbali. Kwa nini vimesambaa? Watoto wakafikiri. Wa pili akapata: vimetoka juu sana. Askari akacheka kwa furaha ya mwalimu aliyefaulisha. Twiga mwenyewe tulimwona mbele kidogo, akitutazama kwa juu ya mgunga, taya likizunguka taratibu, na hakuna kioo cha gari kati yetu. Uso wa mtoto anayekutana na twiga akiwa amesimama kwenye ardhi ileile ni kitu ambacho kila mzazi wa nchi hii angestahili kukiona.

Tulifika maporomoko ya Tululusia, tukanawa nyuso. Wanaoendelea mbele zaidi hufika kwenye mkuyu maarufu ambao mizizi yake imefanya upinde juu ya njia, mpana kiasi cha kupitisha gari.

Ni katika matembezi hayo askari alipotueleza jambo ambalo limenibadilishia namna ya kuutazama Mlima Meru. Ukiutazama kutoka mjini, ni pembe tatu iliyokamilika. Ukizunguka hadi Momella, unakuta upande mzima haupo. Takribani miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki ulibomoka, na mlima ukamwagika kuelekea Kilimanjaro. Kilichobaki ni ukuta wa mwamba unaosimama karibu mita 1,500 juu ya sakafu ya kreta, mmoja wa miamba mirefu zaidi Afrika, na katikati yake kichuguu cha majivu kilichoinuka baadaye. Vilima tulivyokuwa tumepanda na kushuka tangu asubuhi, alisema, ni vipande vya mlima. Mabonde kati yake yakajaa maji, ndiyo maziwa ya Momella. Mlima ulilipuka kidogo kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na bado ni volkano. Watoto waliangalia chini ya viatu vyao. Mimi pia.

Kambi za umma ziko karibu na lango hilohilo, chini ya kilima cha Tululusia: uwanja wa majani, choo, banda la kupikia. Tulipiga mahema mawili kukiwa bado kuna mwanga, na mkubwa wetu alipewa kazi ya vigingi. Udongo wa hapa ni mwepesi, kigingi huingia kirahisi na kutoka kirahisi vilevile. Tafuta mawe ya kukandamizia. Kuni hazikusanywi ndani ya hifadhi, kwa hiyo tulikuja na jiko la gesi na mkaa tulionunua Usa River.

Nilikuwa na wasiwasi kwa ajili ya mama. Wapo wanaosema kupiga kambi ni mchezo wa Wazungu, kwamba Mwafrika mwenye nyumba hawezi kulipia kulala nje, na nilidhani huenda naye anawaza hivyo. Alinitazama kwa mshangao. "Mimi nimelala porini sana, baba. Tulikuwa tunalinda mahindi, ngedere mchana na nguruwe usiku. Kibanda cha majani, moto, na ndugu zangu. Hema lina zipu, unaniuliza nini?" Akavuta kiti, akajifunika kitenge cha pili, akaagiza chai ya tangawizi. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba kambi si utamaduni wetu. Wafugaji wetu, wavuvi wa dago, walinzi wa mashamba, misafara ya Wanyamwezi iliyotembea hadi Bagamoyo: nchi hii imelala nje kwa karne nyingi.

Usiku wa Momella una sauti. Giza likishaingia vizuri, perere wanaanza juu ya miti. Ni mnyama mdogo, hazidi sungura mkubwa, lakini mlio wake ni wa kukwaruza, unapanda, unapanda tena, hadi unadhani kuna mtu anateswa huko juu. Kitinda mimba alihamia kwenye mapaja ya bibi yake. "Paukwa!" bibi akaita. "Pakawa!" wakajibu, na kila hadithi ilipofika mahali pa kutisha perere alisaidia. Fisi tulimsikia mara moja, mbali. Nyati walipita pembezoni mwa uwanja. Tuliona macho yao kwenye mwanga wa kurunzi, jozi baada ya jozi, na hatukutoka nje ya mwanga wa kambi. Ndiyo sharti kubwa la usiku hapa, na watoto wafundishwe kabla jua halijazama: hakuna anayekwenda chooni peke yake, na hakuna chakula kinachobaki ndani ya hema.

Asubuhi, kama mawingu yakiwahurumia, Kilimanjaro iko mashariki na theluji yake, na jua linalotoka kwa upande wake linaangukia moja kwa moja kwenye ukuta wa Meru. Tulikunywa uji tukiwa na milima miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Siku hiyo tuliitumia kwenye maziwa. Maji yake yana magadi na chanzo chake ni chini ya ardhi, na kwa kuwa mwani hutofautiana, kila ziwa lina rangi yake. Mchana mmoja unaona kijani, buluu na kijivu. Flamingo hufuata chakula chao, kwa hiyo leo wamejaa Momella Kubwa na mwezi ujao wako kwingine. Momella Ndogo wanaruhusu kupiga kasia kwa mtumbwi mwepesi, ukiongozwa, na hapo mama watoto aliyekuwa amesema hataingia majini ndiye aliyetoka wa mwisho. Eneo hili ndilo lililotumika kupigia filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akifukuza wanyama kwa gari. Ni vizuri kwamba sasa mtu anakuja kwa kasia.

Barabara ya Momella haiishii hifadhini. Inaendelea kaskazini hadi Ngare Nanyuki, na magari ya wanakijiji hupita humo kila siku. Endeleeni nayo. Leo mtaona mashamba ya nyanya ya umwagiliaji. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa hapa Wameru wapatao 3,000, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya chombo hicho, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa na mitatu kabla ya Mwalimu kufika hukohuko. Nilisoma habari zake nikiwa mtu mzima. Watoto wangu waliisikia kando ya shamba lenyewe, vumbi likiwa miguuni, na mkubwa akasema anataka kujua waliobeba watoto siku hiyo walikwenda wapi.

Kwa watakaotaka kwenda: Juni hadi Oktoba ni kiangazi, njia zimekauka, lakini Juni na Julai baridi ya Arusha ni kali na usiku wa Momella ni mkali zaidi. Desemba hadi Februari pana joto la kiasi na Kilimanjaro huonekana mara nyingi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kaeni mjini. Wasio na gari wapange Noah ya siku mbili pamoja na familia nyingine, gharama inagawanyika. Mahema na mifuko ya kulalia hukodishwa mjini. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, kwa sababu chemchemi nyingi za Meru zina floraidi kupita kiasi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Na kama kuna bibi au babu anayeweza kupanda gari, msimwache.

Sisi hatujamaliza. Njia ya kilele inaanzia Momella palepale: kituo cha Miriakamba kwenye mita 2,514, kisha Saddle kwenye mita 3,570, Meru Ndogo, halafu ukingo mwembamba wa kreta unaopandwa usiku hadi juu. Mkubwa wetu ameshachora ramani na kuibandika ukutani. Desemba tutapanda naye hadi Miriakamba tu, tulale, tushuke, tuone mapafu yake na yangu yanasemaje. Mama yangu ameshatangaza kwamba atatusubiri kambini na wadogo, na kwamba safari hii anataka kiti chenye mgongo.